Likasi kwa Maswali Saba: Mkono Kwenye Kengele!

Génies en herbe, mashindano ya maswali ya wanafunzi, ilizaliwa kwenye televisheni ya Kanada mwaka 1972, ikavuka bahari, na leo mwanafunzi wa Kongo anaiona kama mali ya ukoo. Sina ugomvi na mchezo. Ugomvi wangu ni na maswali. Mtoto wa Kikula anajua Eiffel ina mita ngapi, lakini ukimuuliza cha nyuma ya nyumba yao anatazama dari. Basi nimeitungia Likasi duru yake. Tunahesabu kurudi nyuma, mepesi kwanza. Simu mfukoni, na wazazi walioko ukumbini, tafadhali, msinong'one.

7. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Jadotville je?

Atakayekosa hapa arudishe nauli. Pointi ya nyongeza: Jadot alikuwa nani? Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji, ambaye kabla ya kuishika Katanga alisimamia ujenzi wa reli ya Beijing hadi Hankou, China. Kwa hiyo Wachina wanaopita na malori ya madini siku hizi wanarudisha ziara tu.

6. Ziwa Tshangalele liliumbwa na nani?

"Mungu!" Makofi kwa mtoto wa mchungaji, pointi hakuna. Ni bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, linalotoa umeme tangu 1930. Umeme ukaenda migodini, samaki wakaja kwenye bukari. Kati ya hivyo viwili, kipi hukatika mara nyingi? Waulizeni mama wauza samaki sokoni. Watacheka kabla ya kujibu.

5. Nchi gani huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia?

Ni yetu, na kiwanda cha Shituru kiko papa hapa mjini. Swali la ziada, ambalo majaji hawana karatasi yake: mbona simu ya mtangazaji imeisha chaji?

4. Mfalme Msiri wa Bunkeya alitoka wapi?

"Bunkeya, Papa!" Hapana, mwanangu, huko alifika. Alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, akifuata njia za biashara ya shaba. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, na Bodson naye hakutoka hai. Timu ya Tabora ikidai nusu ya pointi, ipeni.

3. Mpiga gitaa gani alirekodiwa Jadotville mwaka 1952, na alitumia vidole vingapi?

Hapa msiharakishe. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomkuta na vyombo vyake vya kurekodia. Kipande chake cha "Masanga" kilizunguka dunia. Na vidole? "Kumi!" "Vitano!" Mkono wa kulia ulikuwa na viwili tu kazini: kidole gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini, cha shahada kinaimba juu, na msikilizaji anaapa kuna watu wawili chumbani. Msomi David Rycroft alijaza kurasa za jarida akichambua kazi ya vidole hivyo. Baadaye Mwenda alikaa Nairobi, akipiga gitaa redioni katika matangazo ya vidonge vya Aspro. Nadhani wengi walipona kabla ya kumeza.

2. Septemba 1961, askari 155 wa Ireland waliovaa kofia za Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville siku tano na jeshi la Tshombe, kiongozi wa Katanga. Walikufa wangapi?

Nahodha wa timu ameona sinema ya 2016, anajibu kwa kifua: "Wengi sana!" Sifuri. Kamanda wao, Pat Quinlan, aliwachimbisha mahandaki mapema, na mahandaki yakawa bima. Kati ya risasi na risasi walituma ujumbe kwa redio kwamba wanaweza kustahimili, ila wisiki kidogo ingesaidia. Haikuja. Walijisalimisha risasi na maji vilipokwisha, wakarudi kwao wakatazamwa kama waoga kwa miaka mingi. Sinema ilipigwa Afrika Kusini, kwa hiyo vumbi mnaloliona si letu. Medali ilikuja 2017, ikiitwa Jadotville: jina ambalo mji wenyewe ulishalitupa miaka hamsini na moja nyuma.

1. Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka wapi?

"Marekani!" Keti chini, mwana. Sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, kama kilomita ishirini kutoka ukumbi huu. Yalikuwa mawe yenye hadi asilimia 65 ya oksidi ya urani, utajiri ambao wachimbaji wa kwingine waliusikia kama hadithi. Madini mawili yaliyotambuliwa humo yanaitwa curite, kwa Pierre Curie, na sklodowskite, kwa Marie, mkewe. Ndoa yao imesajiliwa Sceaux, karibu na Paris, lakini shimo la pamoja wanalo Katanga.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya migodi Union Minière, alikwisha kusafirisha zaidi ya tani elfu moja za madini hayo hadi Staten Island, New York. Yakakaa ghalani. Septemba 1942 Kanali Nichols wa jeshi la Marekani aliingia ofisini kwake kutafuta urani, akijiandaa kwa mazungumzo marefu, akaambiwa mzigo uko mjini tayari. Haikupita saa moja, mapatano yakawa yameandikwa kwenye karatasi ya njano. Mwaka 1946 Sengier akavikwa nishani ya serikali ya Marekani.

Swali la nyongeza, sekunde thelathini: na waliochimba, walivikwa nini?

Majaji wamepekua karatasi zao, wametazamana, wameomba tuende kwenye matangazo ya biashara.