Nanga ya Bluu Shambani Babati

Mwandishi wa makala haya ameomba asimuliwe kama mtu baki, kwa kuwa majirani walioshuhudia bado wapo na bado wanacheka. Basi tumwite mwenye shamba. Ana ekari tatu wilayani Babati, upande wa Mlima Kwaraa, na kwa misimu kadhaa mahindi yake yalikuwa yakinyauka wiki moja tu baada ya mvua kukata.

Alilaumu mbegu, akalaumu mbolea, akalaumu hata jicho la jirani. Bwana shamba alipopita akamwambia aache kulaumu, achimbe shimo. Akachimba. Sentimita kumi na nane za kwanza jembe liliingia bila shida. Hapo likagonga kitu, likarudi na kumtetemesha mpaka begani, ikabidi aazime sululu. Kwenye ukuta wa shimo alikuta tabaka la udongo lililoshikamana kama sakafu ya ukumbi, na mizizi ya mahindi imeshuka wima mpaka pale, kisha ikapinda na kutambaa ubavuni, mithili ya wageni waliokuta mlango umefungwa wakaanza kuzunguka nyumba.

Sakafu ile aliijenga mwenyewe, kwa kulipia. Jembe la sahani hulima kina kile kile kila mwaka, na sahani zikishirikiana na uzito wa trekta hushindilia udongo ulio chini kidogo ya pale zinapofika. Baada ya mavuno huingia ng'ombe wa kijiji kizima kula mabua, nao humalizia kazi kwa kwato. Mvua ikinyesha, maji hutuama juu ya tabaka hilo au hukimbilia barabarani. Mzizi wa mbaazi unaweza kulitoboa taratibu. Wa mahindi hauna ubavu huo.

Dawa yake ni sabsoila, jembe lenye mguu mnene wa chuma ambalo halipindui udongo bali huupasua kwa chini, sentimita 35 mpaka 45 hivi. Jipya lilimshinda bei. La zamani alilipata kwenye rundo la chuma chakavu, likapimwa kwa kilo kama nyama, likaja na bodaboda tatu kwa awamu.

Kwa miezi miwili lilikaa chini ya mwarobaini. Kuku walilala juu yake, na mama watoto akaanika magodoro. Siku fundi wa kuchomea alipofika, ilibidi kwanza kumhamisha tetea aliyekuwa ameatamia mayai kumi na moja kwenye pembe ya fremu.

Pini zilikuwa zimeshikwa na kutu. Zikalowekwa dizeli usiku kucha, zikapashwa moto, zikagongwa nyundo mpaka mbwa wa jirani akahama. Ncha, ile sehemu inayotangulia kuingia ardhini, ilikuwa imelika ikabaki kama kisigino cha kandambili kuukuu. Fundi akakata kipande cha springi ya lori, akakinoa na kukichomelea. Kisha, kwa kujionyesha mbele ya watoto, akakichovya chote kikiwa chekundu ndani ya ndoo ya maji. Tssss! Watoto wakapiga makofi. Mwishowe akapaka fremu nzima rangi ya bluu iliyosalia kwenye geti la kanisa.

Dereva wa trekta la kukodi alipoiona, alishuka akaizunguka mara mbili.

"Shikamoo mzee. Hili ni jembe au nanga ya meli?"

Trekta lenyewe lilikuwa Massey Ferguson 135, la nguvu farasi zisizozidi 50, zuri sana kwa kuvuta tela la mahindi. Mguu uliposhuka, trekta lilikwenda hatua tano, likaanza kuzungusha magurudumu papo hapo na kufukua mashimo mawili ambayo yangefaa kupandia migomba. Sabsoila haikusogea. Ikabidi litafutwe trekta kubwa zaidi, la farasi 80 hivi, na siku ikaishia hapo.

Kesho yake ncha ilivunjika kwenye jiwe la kwanza, pakabaki mng'ao kama wa glasi iliyopasuka. Ile ndoo ya maji! Chuma cha springi kikipoozwa ghafla hivyo huwa kigumu kweli, lakini hukatika kama biskuti. Kipande cha pili fundi alikifukia kwenye majivu kikapoa polepole, safari hii bila watazamaji.

Halafu mvua ya mapema ikanyesha usiku mmoja. Mtu mwenye akili angesubiri, ila mwenye shamba alikuwa amelipia trekta. Mguu ukapita kwenye udongo mbichi laini kabisa, dereva akawa anaimba, na nyuma yao ukabaki mfereji mwembamba wenye kuta zinazong'aa, kama kisu kilichopita kwenye mche wa sabuni. Hakuna kilichopasuka. Tabaka gumu huvunjika likiwa kavu: mguu ukilinyanyua hupasuka kulia na kushoto, likitoa mabonge na mlio wa kunguruma. Likiwa na maji hukatwa na kujifunga tena. Wakasubiri jua wiki mbili.

Udongo ulipokauka ndipo ilipoanza vita ya bolti. Mguu wa sabsoila hushikwa kwenye fremu kwa pini moja na bolti moja, na bolti hiyo imewekwa ikatike. Ncha ikigonga kisiki, bolti hukatika, mguu hurudi nyuma, na kila kitu kingine hupona. Mwenye shamba aliliona hilo kuwa wizi. Ya kwanza ilikatika mita ishirini tangu kuanza, ya pili kwenye kichuguu, ya tatu bila sababu iliyojulikana. Akapanda bodaboda mpaka mjini, akaomba bolti "ya uhakika". Akapewa yenye 8.8 kichwani, chuma kigumu kuliko zile laini za mwanzo, akarudi nayo mfukoni akiipapasa kama mtu aliyeshinda kesi.

Bolti ya uhakika haikukatika, kweli. Ilipokutana na kisiki cha mgunga kilichofukiwa tangu enzi za babu, kisiki hakikutoka, bolti haikutoka, trekta likanyanyua pua. Pakasikika kishindo. Mkono wa chini wa trekta, unaobeba jembe, ulikuwa umepinda kama ndizi. Dereva akaacha kuimba. Bolti ilikuwa nzima kabisa, hata ukucha haukuikwaruza, na gharama ya mkono ule ingenunua laini kama zile katoni nzima na chenji ya soda.

Waingereza nao walidharau ardhi ya nchi hii. Mradi wao wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947, ulikuta udongo ambao kiangazi uligeuka tofali. Ukafutwa 1951 na kuacha hasara ya takribani pauni milioni 36. Mwenye shamba hupenda kulitaja hilo akiulizwa kuhusu mkono wa trekta.

Kazi iliisha kwa bolti laini tisa zaidi. Ukipasua kila sentimita 75, ekari moja ni kama kilometa 5.4 za kutembea, hivyo ekari tatu ni zaidi ya kilometa 16, na yeye alizitembea zote nyuma ya trekta akihesabu visiki. Mvua ya Desemba ilipokuja, alitoka na nondo ya milimita 12 kupima. Alizoea kuegemea kwa uzito wote, basi akaegemea. Nondo ikazama sentimita arobaini na yeye akaifuata, uso ukaishia kwenye matope.

Mwaka uliofuata jirani alikuja kuazima nanga ya bluu. Akapewa, pamoja na mfuko wa bolti laini ishirini. Jirani akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Hizi mbona kama nyepesi?" akauliza. "Huna ngumu kidogo?"