Yah: Madai ya Mnara wa Taa wa Unguja

Kwa Wizara ya Ulinzi,
London.

Waheshimiwa,

Husika na mada tajwa hapo juu. Tunawaandikia ninyi mliorithi ofisi za Admiralty, iliyoongoza manowari za Uingereza, maana arithiye shamba hurithi na deni lake.

Mtakumbuka kuwa mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, palikuwa na mnara wa taa. Kazi yake ilikuwa kuvionesha vyombo njia usiku, vyenu vikiwemo. Tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipokataa kushuka kwenye kiti cha usultani mlichokwisha kumpangia mwingine, manowari zenu chini ya Admeri Harry Rawson zilifyatua mizinga. Dakika 38 hivi, kazi ikaisha. Kwetu watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kwenu alijeruhiwa baharia mmoja. Tunampa pole, ijapokuwa imechelewa.

Mnara nao ulipigwa. Haukuwa na bunduki, wala haukudai usultani. Baadaye ukabomolewa kwa kuwa ungeweza kuwaangukia watu. Huruma hiyo ilitugusa sana.

Kisha ikaja ankara. Wafuasi wa Khalid walitozwa gharama ya makombora yaliyowapiga, pamoja na hasara ya uporaji: rupia 300,000. Forodhani, ufukweni mbele ya jumba hilo, imepitisha biashara nyingi, za halali na za aibu, lakini hii ni ya aina yake: mteja hakuagiza mzigo, akafikishiwa mpaka sebuleni, akalipa. Sultani mpya, Sayyid Hamoud, naye akamvisha Rawson nishani.

Mwaka 1897 Beit al-Ajaib ilipotengenezwa ilipewa mnara wa saa. Saa badala ya taa: nahodha asiione njia, ila ajue kuwa amechelewa. Mnara huo ulianguka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu kubwa ya jumba, watu wawili wakafa. Huo hatuwadai. Sehemu ya jumba ilishabomoka tangu 2012, ndani ya Mji Mkongwe ulio Urithi wa Dunia tangu 2000, nasi tukaendelea kupiga picha mbele yake. Huo tumeuangusha wenyewe, bila hata kombora moja.

Tunachodai ni mnara mmoja wa taa, na zile rupia 300,000. Riba hatutozi, dini inakataza. Ila tunaomba sana fedha zipelekwe moja kwa moja kwa mafundi wa chokaa na boriti, zisipitie ofisi yoyote ya kwetu.

Wenu katika ujenzi wa mahusiano mema,
Mkaazi wa Mji Mkongwe