Sahihi ya Gurnah

Shemeji yangu anayo Paradise ya 1994, toleo la kwanza, lenye sahihi ya Abdulrazak Gurnah. Kabla ya Nobel ya 2021 hakuwa akimjua. Siku hizi anamwita "mzee wetu". Kitabu kimevikwa nailoni, kimefungiwa kabatini na vikombe vya wageni. Nilipotaka kukifunua alinidaka mkono: "Taratibu shemeji, utakivunja mgongo!"

Nikamuuliza, Yusuf aliishia wapi?

"Yusuf yupi?"

Yusuf huyo, shemeji, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babaye. Ndiye hadithi yenyewe!

Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ipo tangu 2022. Yangu haina sahihi, ina madoa ya chai. Njoo nikuazime, lakini uirudishe imesomwa.