Kanga: Tuhesabu Kutoka Sita Hadi Moja

Haya, wenye kanga kiunoni na wenye kudaiwa kanga nyumbani, sogeeni. Tunahesabu kurudi nyuma, na tamu tumeiweka mwisho makusudi. Usiruke, shoga!

6. Jina ni la ndege. Kanga ni yule ndege wa madoadoa, na vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoa kama manyoya yake. Ndege hakuombwa ruhusa, wala hajalalamika.

5. Leso ni Mreno aliyehamia. Watu wa Mombasa husema leso, neno lililotoka kwa Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walizinunua zikiwa bado kwenye jora, wakakata sita, wakazishona tatu juu, tatu chini. Basi kanga ilianzia kwenye sindano ya mwanamke. Wenye maduka walifuata nyuma, wakihema.

4. Merikani ni Marekani kweli. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alitiliana mkataba na Marekani mwaka 1833, na vitambaa vya pamba vya Massachusetts vikajaa Unguja mpaka vikachukua jina la nchi. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, shehena zikapungua na wauzaji wengine wakajaza nafasi. Soko halisubiri mtu amalize ugomvi.

3. Hapa tutulie kidogo. Watumwa walivaa merikani tupu, au kaniki, ile iliyotiwa rangi nyeusi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliovua kaniki walivaa kanga za rangi, na kila aliyewaona barabarani alielewa. Miongoni mwa watoto wa watumwa hao alikuwa mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za taarab. Mimi kila nikifunga kanga hukumbuka kwamba kuna waliokosa rangi.

2. Mali ya Abdulla. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na chapa yake, "Mali ya Abdulla", ingali inachapwa pembeni mwa kitambaa. Abdulla ameingia vyumba vingi vya wazazi kuliko mkunga, na hakuna aliyemfukuza!

1. Jina! Siyo la ndege sasa, ni maandishi. Tandaza kanga sakafuni: pindo limezunguka pande zote, mji uko katikati, na chini ya mji limekaa jina. Zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Obama aliposhinda mwaka 2008, zilitoka kanga zenye sura yake na neno la hongera. Lakini utamu wenyewe uko kwenye taarab: bibi anainuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, anapita polepole mbele ya meza ya mtu fulani, na mgongoni pamesomeka "Japo sipati tamaa sikati". Hajafungua mdomo, na mtu fulani ameshapoteza hamu ya pilau. Barua gani ya posta ilifika haraka hivyo?

Kwa hiyo ukienda dukani kumnunulia mama mkwe doti, sahau rangi kwanza. Mwambie muuzaji aikunjue yote, usome jina hadi herufi ya mwisho, ndipo utoe pesa.