Kadi 20 za Mpwa Wangu

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri. Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam ananitumia kwa simu kadi zake 20 za gofu nimkokotolee handikapu. Jumapili wanacheza yeye na wenzake wa kazini, kwa kuaminiana. Anajua nilikuwa kedi kwenye uwanja wa Lugalo kabla sijarudi Kitahana kulima maharage. Mtandao umekatika kwenye kadi ya 13. Nimepanda hadi kwenye mikaratusi, huko simu hushika. Saba zilizobaki zimeingia. Nguo zimelowa.

Jumanne. Nimejumlisha tofauti za kadi zote 20, nikagawa kwa 20: 21.9. Nimempigia. Usiku nimekumbuka kosa. Handikapu haipimi siku zako zote, inapima uwezo wako unapocheza vizuri. Tangu 2020, utaratibu mmoja wa dunia ulipochukua nafasi ya zile sita za zamani, huchukuliwa tofauti 8 ndogo kuliko zote kati ya 20 za mwisho. Yeye kishawatangazia wenzake 22.

Jumatano. Nahakiki kadi moja moja. Mikwaju 95, toa kiwango cha uwanja 71.2, inabaki 23.8. Zidisha kwa 113, ambayo ndiyo slopu ya uwanja wa ugumu wa kawaida, gawa kwa 126, slopu ya uwanja wake: tofauti ni 21.3. Mjukuu ameegemea meza, chai imemwagikia daftari. Nimeliweka kando ya jiko.

Alhamisi. Kurasa zimegandana. Kuzibandua ndiko kumenionyesha shimo la 7: mikwaju 11! Ni shimo la mikwaju minne. Kwa handikapu, mwisho wake pale ni 7: minne ya shimo, miwili ya nyongeza anayoruhusiwa kila mtu, na mmoja anaopewa yeye. Kwa hiyo 95 inakuwa 91, tofauti inashuka hadi 17.8. Ni kanuni ya haki kabisa. Shimo moja lililoharibika lisimpe mtu mikwaju ya bure.

Ijumaa. Umeme hakuna, simu imezima. Nimeipeleka sokoni ichajiwe, nimerudi jioni, nikampigia mpwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Ni 17.4, wastani wa zile 8 ndogo."

Kanyamaza. Kisha kauliza kama anaweza kuziacha kadi mbili nzuri. Nimemkatalia. Kadi nzuri ndizo hufichwa, na anayezificha anawaibia wenzake.

Jumamosi. Nimeigeuza 17.4 iwe mikwaju ya uwanja wake: zidisha kwa 126, gawa kwa 113, ondoa 0.8 kwa kuwa 71.2 iko chini ya mikwaju 72 iliyopangiwa uwanja. Jibu ni 19. Kwa ile 21.9 yangu angepewa 24. Nimemtaka awaambie wenzake kwamba kosa lilikuwa langu.

Jumapili. Amewaambia. Amecheza kwa 19, amekuwa wa tano kati ya saba. Kadi amenitumia jioni hiyohiyo. Ni ya 21, kwa hiyo ile kongwe imetoka kwenye hesabu.