Fundi Yuko Wapi?

Hapa gerejini Magongo, Changamwe, mteja akishuka garini swali ni lile lile: "Dada, fundi yuko wapi?" Nimevaa oveoli, spana mkononi, grisi mpaka kwenye nyusi. Kwani anadhani nauza mahamri?

Nikimwambia fundi ni mimi, anacheka, kisha anaanza kutafuta mwanamume, yeyote yule. Juzi mmoja alinipita akaenda kumweleza habari za breki zake kijana anayetuletea chai. Kijana naye, bila haya, akainama, akachungulia, akatikisa kichwa: "Hii kazi kubwa, mzee."

Wenzangu wakifungua boneti, mwenye gari huenda zake kunywa kahawa. Nikifungua mimi, anavuta kiti. "Pole pole hiyo nati!" Nati yenyewe hajui inakazwa kulia au kushoto.

Duka la spea ndiyo balaa. Nikitaja plagi ninazotaka, muuzaji anataka nimpigie fundi simu ahakikishe. Siku hizi sibishani. Nageuka pembeni, naweka simu sikioni, najiuliza, najijibu, kisha namwambia fundi amekubali. Ananiuzia.

Choo je? Gereji ina kimoja, na mlango hauna komeo. Wanaume hawajaona shida. Mimi navuka barabara kuomba saluni.

Halafu wapo wa kuniposa: "Nikuoe upumzike, bibie." Upumzike! Gari lenyewe limefika likisukumwa.

Wala mwanamke kushika mashine si jambo geni. Tarehe 31 Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alipozindua treni ya SGR hapo Miritini na kuipanda kwenda Nairobi, mmoja wa walioiendesha alikuwa mwanamke, Concilia Owire. Bandarini Kilindini nako, Elizabeth Marami alikuwa rubani wa meli wa kwanza mwanamke nchini Kenya. Wateja wangu hawa hawa wanapanda SGR wakikoroma mpaka Nairobi bila kuuliza nani yuko mbele. Na hayo magari yao ya Probox yalifika Kilindini kwa meli, hayakuogelea. Mwanamke akishika treni, wao usingizi. Akishika plagi, wao presha.

Basi wateja wangu, bei ni moja kwa wote. Ila atakayevuta kiti kunisimamia atalipa mara mbili, maana amenipa kazi mbili: kutengeneza gari, na kumtuliza mwenyewe.