Wesha: Jaribio la Kuainisha Kijiji cha Mpakani

Tangu Waingereza na Wajerumani walipokaa mwaka 1886 kumpimia Sultani wa Zanzibar milki yake kwa maili, mabingwa wa mipaka wamezoea aina mbili tu: mpaka wenye geti na mpaka wenye mto. Wesha, bandari ya Chake Chake upande wa magharibi wa Pemba, haiingii kwenye aina hizo. Sisi tunapendekeza ya tatu: mpaka unaokupwa na kujaa.

Ushahidi uko ufukweni. Siku za bamvua, maji yakishatoka, mtumbwi hulala ubavu kwenye tope, na anayetaka kuufikia hukunja suruali magotini, viatu mkononi, akautafuta mpaka kwa miguu. Akisubiri saa sita tu, mpaka utamfuata mwenyewe. Hatujui kituo kingine cha forodha chenye huduma hiyo.

Kihistoria tunatambua zama tatu. Katika Zama za Mkono wa Bahari, vyombo vilipanda hadi chini ya ngome ya Chake. Mchanga na mikoko vikapunguza kina, na ubandari ukateremka hadi Wesha. Zama za Majenereta zilikuwa na kelele: umeme wa kisiwa ulifuliwa hapa kwa dizeli. Mwaka 2010 ukaja waya kutoka Tanga, chini ya mkondo wenye kina cha mamia ya mita, zikaanza Zama za Waya. Izingatiwe kwamba umeme ndio msafiri pekee anayevuka kutoka bara bila kutapika.

Kuhusu usafiri wa nchi kavu, kanuni yetu ya kwanza ni hii: gari la Wesha haliondoki likijaa, huondoka likizidi kujaa. Mabenchi yanatazamana, magoti yanapangwa kama meno ya kitana, na tenga la samaki hupewa heshima ya juu, yaani kwenye keria. Maji yake huteremka polepole upande wa dirishani. Abiria mzoefu hukaa katikati. Mgeni hufurahia upepo mpaka Chake, kisha hushangaa paka wanamfuata.

Abiria wenyewe tumewagawa makundi, ingawa wanakataa kukaa ndani yake. Wa dago hujulikana kwa madumu: Misali, hifadhi tangu 1998, haina maji baridi, hivyo mvuvi anayekwenda kupiga kambi hubeba kisima chake mkononi. Mtalii huenda Misali hiyohiyo na chupa moja ndogo, akirudi jioni amekuwa rangi ya pweza aliyechemshwa. Mchuuzi wa samaki hatukuwahi kumhoji; tulipoamka alikwisha kuuza.

Lipo pia kundi la usiku, lililoenea pwani yote ya magharibi. Kwa miongo mingi mnunuzi halali wa karafuu alikuwa mmoja tu, shirika la serikali. Bei ya ng'ambo ya Kenya ilipopanda, magunia yalipata miguu, na adhabu kali za miaka ya 1970 hazikuikata. Tulipoulizia Wesha kuhusu kundi hili, wazee walicheka kwa adabu wakatuelekeza kijiji cha jirani. Kijiji cha jirani kikatuelekeza Wesha.